Jumuiya ya Nani? Historia ya Umoja wa Nchi Jirani Ikitazamwa Kutoka Tunduma

Katika semina za viongozi na katika vyuo vyetu, suala la jumuiya ya nchi jirani huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni la ndiyo au hapana: je, nchi jirani ziungane au zisiungane? Likiulizwa hivyo jibu ni jepesi. Umoja ni nguvu, Afrika ni moja, mjadala umekwisha na wajumbe wanakwenda kunywa chai. Lakini historia haikuwahi kutuuliza swali hilo kwa namna hiyo. Kila ilipotuuliza, iliuliza hivi: jumuiya hiyo ni ya nani, ni ya kazi gani, na gharama zake zitabebwa na tabaka lipi?

Desturi yetu ni kulitazama suala hili kutoka Arusha, kwa kuwa makao makuu yako huko. Makala haya yanalitazama kutoka Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na kutoka wilaya zinazouzunguka mji huo za Momba, Mbozi na Ileje, ambazo tangu mwaka 1916 hadi 2016 zilitawaliwa kwa mafungu mbalimbali kutoka Tukuyu na Mbeya, na sasa ni sehemu ya Mkoa wa Songwe. Sababu ya kuchagua mahali hapo si kwamba ni pembeni. Hakuna sehemu nyingine ya Tanzania ambayo imepitiwa na majaribio mengi ya kuunganisha nchi jirani kama hiyo, na kila jaribio limeacha alama yake ardhini.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na mpaka hapo. Wanyamwanga, Wanyiha, Walambya na Wandali waliishi pande zote za mahali ambapo leo pana mageti na forodha, na hata sasa wako Tanzania, Zambia na Malawi. Mpaka wenyewe ulizaliwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba uleule ambao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Kutoka Ziwa Nyasa mstari uliufuata mto Songwe, kisha ukaelekea Ziwa Tanganyika kwa namna ya kuiacha upande wa Waingereza njia iliyoitwa Stevenson Road. Njia hiyo ilikusudiwa na wafanyabiashara wa Kiskoti kuunganisha maziwa hayo mawili, na sehemu yake kubwa haikuwahi kukamilika. Mwaka 1898 tume ya Waingereza na Wajerumani ikaja kuweka alama. Kwa hiyo Wanyamwanga waligawanywa kwa ajili ya barabara ambayo haikujengwa. Na mto Songwe nao, huku chini karibu na ziwa, huhama mkondo wake mafuriko yanapokuja, na mkulima aliyelala Tanzania huamka shamba lake liko Malawi. Ubeberu haukuwa hodari hata katika kazi yake wenyewe.

Sasa tuje kwenye jumuiya. Msomaji kijana huenda akadhani kwamba wazo la kuunganisha nchi hizi lilianza na wapigania uhuru. La hasha! Mkutano wa kwanza wa masetla wa kuzungumzia muungano wa nchi kutoka Kenya hadi Rhodesia ya Kaskazini ulifanyika Tukuyu, Oktoba 1925, katika boma lililokuwa likitawala Undali na Ulambya. Aliyeuitisha ni Lord Delamere, kinara wa masetla wa Kenya. Wajumbe walitoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na wote walikuwa Wazungu. Walichotaka ni mlolongo wa ardhi ya walowezi kutoka nyanda za juu za Kenya hadi kusini, wenye serikali moja ambayo wao wangeitawala bila kuingiliwa sana na London. Tukuyu ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa katikati ya mlolongo huo. Hali ya hewa yake pia iliwapendeza.

Mpango huo ulishindwa. Tume ya Hilton Young ilitoa taarifa yake mwaka 1929, na mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ikasikiliza mashahidi, akiwamo Martin Kayamba aliyesafiri kutoka Tanganyika, na mwishowe ikaamua kwamba wakati wa muungano haujafika. Waafrika na Wahindi walikuwa wameupinga, na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa. Hata hivyo, ambacho masetla hawakukipata kwa jina walikipata kwa vipande: mkutano wa kudumu wa magavana tangu 1926, ushuru wa forodha wa pamoja, na kuanzia Januari 1948 Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi. Soko la pamoja ambalo tulilirithi wakati wa uhuru lilijengwa kwa mahitaji ya viwanda na mashamba ya Kenya. Jambo hilo halina budi kukumbukwa kila tunapolaumiana kuhusu yaliyotokea baadaye.

Ng'ambo ya pili ya Tunduma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1953 Waingereza waliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho la Afrika ya Kati. Kwa karatasi lilikuwa jumuiya nzuri: shaba ya kaskazini, viwanda vya kusini, nguvukazi ya Nyasaland. Kwa vitendo, fedha za shaba zilijenga Salisbury, na bwawa la Kariba lilipojengwa katika mto Zambezi, mitambo ya kwanza ya umeme iliwekwa ukingo wa kusini. Wananchi wa Nyasaland waliinuka mwaka 1959, hali ya hatari ikatangazwa, na tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likafa. Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964, neno shirikisho lilikuwa na harufu mbaya kwa wananchi wake, na kwa haki kabisa.

Upande wetu matumaini yalikuwa tofauti. Mwaka 1958 PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na ya Kati, uliundwa Mwanza. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Juni 1963 viongozi watatu, Kenyatta, Nyerere na Obote, walitangaza Nairobi kwamba shirikisho lingeundwa kabla ya mwaka huo kwisha. Halikuundwa. Badala yake mwaka 1964 yakaja Mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda ili kupunguza tofauti za maendeleo, na utekelezaji wake ukakwama. Mfano wa matairi unatosha. Kiwanda cha matairi kilipangiwa Tanganyika. Miaka michache baadaye kulikuwa na kampuni moja ya Kimarekani ikitengeneza matairi Nairobi na kampuni nyingine ya Kimarekani ikitengeneza matairi Arusha, kila moja ikililenga soko lilelile. Serikali mbili za Kiafrika zilikuwa zikigombana, na faida ya ugomvi ikaenda ng'ambo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, miezi minne baada ya Azimio la Arusha. Tanzania ilikuwa imetaifisha mabenki na kutangaza kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Kenya ilikuwa imechagua njia ya kuwakaribisha wenye mitaji. Mkataba ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga, kwa Benki ya Maendeleo ya Kampala iliyotakiwa kuzielekeza fedha zaidi Tanzania na Uganda, na kwa kugawa makao makuu ya mashirika. Haikuwa kazi mbaya. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wanaosema kwamba Jumuiya ile ilikufa kwa ajili ya Idi Amin peke yake wanakimbia kazi ya kufikiri. Mapinduzi ya Januari 1971 yalizuia wakuu wa nchi kukaa meza moja, ndiyo. Lakini mwili uliopigwa na Amin ulikuwa tayari mgonjwa. Mwanzoni mwa Februari 1977, siku zilezile TANU na ASP zilipokuwa zikiungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, ndege za pamoja zilikuwa zimesimama na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Uliendelea kufungwa hadi Novemba 1983. Mwaka 1984 mali ziligawanywa Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Na Tunduma je? Jumuiya ile ilifikaje huko? Jibu ni kwamba ilifika kwa shida. Treni za Shirika la Reli la Afrika Mashariki hazikufika Nyanda za Juu Kusini hata siku moja. Tawi la reli lililokaribia zaidi liliishia Kidatu mwaka 1965. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliijua reli kwa mabasi na malori yenye jina lake. Vijana wa kusini walikwenda kutafuta kazi migodini, Ukanda wa Shaba au Afrika Kusini kupitia Wenela, kwa sababu uchumi wa soko la pamoja haukuwahitaji.

Hapa ndipo historia inapata uzito wake. Zambia iliomba kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mazungumzo yalifanyika mwaka 1968. Hayakufika popote. Lakini wakati mazungumzo hayo yakizorota mezani, umoja wa Tanzania na Zambia ulikuwa ukijengwa kwa chuma na lami.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru. Shaba ya Zambia, makaa yake ya mawe, mafuta yake, vyote vilipita Rhodesia. Nchi yenye umri wa mwaka mmoja ikajikuta imekabwa koo. Njia pekee ya kaskazini ilikuwa barabara ya vumbi inayopitia Tunduma, na mvua zilipoanza malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalikwama na kupinduka, hata wageni wakaiita njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 nchi mbili hizi ziliunda kampuni ya pamoja ya malori. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola kutoka Dar es Salaam. Barabara ikawekwa lami.

Kisha reli. Benki ya Dunia ilikuwa imesema mwaka 1964 kwamba reli hiyo hailipi. Kwa hesabu za mwenye duka ilikuwa kweli: kwa nini ujenge reli mpya wakati ile ya kupitia kwa masetla ipo? Lakini swali halikuwa la mwenye duka. Septemba 1967 mapatano yalitiwa saini Beijing. China, ambayo wakati ule ilikuwa nchi maskini, ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, deni likibebwa nusu kwa nusu na Tanzania na Zambia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye madaraja na mahandaki katika milima, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Agosti 1973 mataruma yalifika Tunduma. Julai 1976 reli yote ya kilometa 1,860 ilikabidhiwa, kilometa 975 zikiwa Tanzania na 885 Zambia. Wachina zaidi ya 60 walikuwa wamekufa kazini, na Waafrika pia walikufa.

Jambo moja la kiufundi lina siasa nyingi ndani yake. Upana wa reli za Afrika Mashariki ulikuwa milimita 1,000. Reli ya Uhuru ilijengwa kwa milimita 1,067, upana wa reli za Zambia na za kusini yote. Maana yake ni kwamba Tanzania, ikiwa bado mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilijenga reli ambayo mabehewa ya Nairobi hayangeweza kuingia, lakini ya Lusaka yangeweza, na siku moja ya Salisbury na Johannesburg zikiwa huru. Mitandao hiyo miwili haikukutanishwa hadi mwaka 1998, Kidatu, na hata hapo ni kwa kupakua na kupakia upya. Hakuna hotuba iliyotamka waziwazi kama vyuma vile kwamba mbele yetu kulikuwa na ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Reli haikuwabeba wapigania uhuru na shaba tu. Mlowo, Vwawa na Tunduma zilipata vituo. Mama aliyepanda treni ya abiria na magunia mawili ya mchele kutoka bonde la Kilombero, akayauza mpakani na kurudi na maharage, alikuwa akifanya biashara ya kimataifa bila kuitwa hivyo. Wapangaji hawakumweka mwanamke huyo katika hesabu zao. Hata leo hawamhesabu ipasavyo.

Tusipambe. Jumuiya ya kazi nayo ilikuwa na udhaifu wake. Kiwango kikubwa kabisa cha shehena ambacho TAZARA iliwahi kubeba kwa mwaka ni tani milioni 1.27, mwaka 1977/78, wakati iliundwa kwa ajili ya tani milioni 2. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, vichwa vya treni viliharibika, mabehewa hayakurudi kwa wakati. Oktoba 1978 Zambia, ikiwa na msimu wa kilimo mbele yake na mbolea imekwama njiani, ilifungua tena njia ya kusini ya Rhodesia. Uamuzi huo uliwaumiza wengi Dar es Salaam na Maputo. Lakini kada mkweli hana budi kukiri kwamba mkulima hawezi kutia shambani tamko la mshikamano. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la mto Chambeshi ndani ya Zambia, na reli ikakatika. Adui alijua thamani ya reli ile kuliko baadhi ya watumishi wake.

Kutokana na mafunzo hayo ilizaliwa SADCC, iliyoandaliwa Arusha Julai 1979 na kutangazwa Lusaka tarehe 1 Aprili 1980. Nchi tisa zilikubaliana kupunguza utegemezi kwa makaburu. Hazikuanza na soko la pamoja, na hilo halikuwa bahati. Viongozi wa Tanzania walikuwa wametoka kuzika jumuiya iliyoanza na soko. SADCC iligawa kazi: Msumbiji uchukuzi, Angola nishati, Zimbabwe chakula, Zambia madini, Tanzania viwanda, na kadhalika. Hata Malawi ya Banda, iliyokuwa na ubalozi Pretoria, iliingia, kwa sababu mzigo wake ulihitaji njia kama wa wengine. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba fedha za miradi hiyo zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya. Jumuiya ya kupunguza utegemezi ilitegemea.

Agosti 1992, Windhoek, SADCC ikawa SADC, na mwaka 1994 Afrika Kusini huru ikaingia. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini siku ile uchumi mkubwa kuliko mingine yote kwa pamoja uliingia katika jumuiya ambayo sasa lengo lake lilikuwa soko. Njia za kusini zilipofunguka, shaba ilirudi kwenye njia zake za zamani, na malori ya watu binafsi yakachukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Ubia wa nusu kwa nusu, uliokuwa fahari ya TAZARA, uligeuka kuwa kila serikali kuingojea nyingine itoe fedha kwanza. Mwaka 2014/15 reli ilibeba tani 88,000 tu.

Wakati huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na mwaka 2000 Tanzania ikajitoa COMESA. Tangu hapo Tunduma imekuwa mlango wa jumuiya mbili zinazopeana mgongo. Shehena ya Kenya ikipita hapo kwenda Zambia hutumia hati za COMESA katika nchi isiyo mwanachama wa COMESA, na ya Tanzania hutumia hati za SADC. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza misururu ya malori ya shaba ya Kongo na Zambia, na kwa kiasi kimesaidia. Lakini Mei 2020, maradhi ya korona yalipoingia Nakonde, Zambia iliufunga mpaka kwa siku kadhaa kwa uamuzi wake yenyewe. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mchele, ndizi, tangawizi na mazao mengine kutoka nje, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Zote ni nchi wanachama wa SADC. Katika siku hizo chache aliyeoza ndizi ni mkulima wa Rungwe. Wenye viwanda vikubwa hawakuozewa na kitu.

Hapo ndipo tofauti za kitabaka zinapojitokeza katika suala ambalo tumezoea kuliita la mataifa. Kampuni yenye malori mia moja inaye wakala wa forodha, inajua cheti cha asili ya bidhaa, na inaweza kungoja siku tatu. Mwanamke wa Tunduma mwenye gunia la maharage la kuuza Nakonde hana hivyo vyote. Akizuiwa hupita njia za panya, na akikamatwa huitwa mhalifu, ingawa ndugu yake yuko mita mia tatu mbele. Jumuiya iliyomwacha mtu huyo nje imejengwa kwa mfano wa Tukuyu ya 1925, hata kama wajumbe wake ni Waafrika watupu.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la awali ni ndiyo, nchi jirani ziungane. Ila zianze na kazi kabla ya soko: reli, bandari, umeme, bonde la mto Songwe ambalo Tanzania na Malawi zimekuwa zikilipangia pamoja, mbegu na chanjo za mifugo. Soko lifuate penye kazi hizo, likiwa na namna ya kumfidia aliye dhaifu. Wapo watakaosema kwamba huko ni kurudi SADCC. Katika jambo hili, kurudi huko si aibu.

Mtihani uko karibu. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilipewa mkataba wa miaka 30, ikitarajiwa kuwekeza dola za Marekani bilioni 1.4. Mwaka 1967 tulipewa mkopo na serikali ya wajamaa ili tuendeshe wenyewe. Safari hii mwekezaji ataendesha na atataka kurudisha fedha zake, na fedha ziko katika shaba. Maswali ambayo wajumbe wa Songwe wanapaswa kuyapeleka kwenye vikao, sasa na si baada ya miaka kumi, ni ya kawaida kabisa: treni ya abiria itasimama Mlowo na Vwawa mara ngapi kwa wiki, nauli ya gunia moja itapangwa na nani, na mafundi wa karakana ya Mbeya wataajiriwa kwa masharti gani.